Jinsi Sikio Lisikiavyo

Ngoma ikipigwa, ukiigusa ngozi yake kwa kidole utaona kuwa yatetema. Mtetemo huo huitikisa hewa, na hewa huupokeza hata masikioni mwetu. Hiyo ndiyo sauti. Leo napenda kuwaeleza jinsi sikio linavyoipokea.

Sikio lina sehemu tatu. Sehemu ya nje huikusanya sauti na kuipitisha katika tundu lenye urefu wa kama inchi moja. Mwisho wa tundu pana kiwambo chembamba, kilichowambwa mfano wa ngozi ya ngoma. Sauti ikifika, kiwambo nacho hutetema.

Nyuma ya kiwambo ni sehemu ya kati, yenye mifupa mitatu iliyoungana, iitwayo nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni mdogo kuliko mifupa yote ya mwili, hata punje ya mchele yaushinda. Mifupa hiyo huupokezana mtetemo mpaka sehemu ya ndani, iliyojizungusha kama nyumba ya konokono, nayo imejaa maji. Humo mna chembe yapata 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Maji yakitikisika, vinywele huinama, na habari hupelekwa kwa mshipa wa fahamu hata ubongoni. Hapo ndipo tusikiapo.

Basi tujihadhari. Nta ya sikio si uchafu. Huzuia vumbi, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Achokoaye sikio kwa kijiti aweza kukitoboa kiwambo. Tena sehemu ya kati ina njia iendayo nyuma ya pua na koo, na kwa njia hiyo mafua ya mtoto huweza kuleta usaha sikioni. Mtoto huyo asitiwe mafuta wala maji ya majani, bali apelekwe hospitali upesi. Kiwambo kilichotoboka mara nyingi hupona. Lakini chembe za ndani zikiisha kufa kwa kelele kubwa, hazioti tena.

Nanyi wazazi na walimu, mtoto asipoitika msifanye haraka kumpiga. Simameni nyuma yake, mwiteni kwa sauti ndogo. Huenda si mkaidi, ila hasikii. Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio la mtoto, likiwahiwa, huisikia.