Je, Wajua? Picha Yako Miongoni mwa Maelfu ya Wakimbiaji

Penye wengi pana mengi, na kwenye marathoni wengi ni maelfu. Wapiga picha hujipanga kando ya barabara tangu alfajiri, na hadi mkimbiaji wa mwisho anapofika, kamera zao zimeshanasa picha ambazo mtu mmoja hawezi kuzipitia kwa siku nzima. Hata hivyo, jioni ile ile au kesho yake mkimbiaji huandika namba yake kwenye simu, na picha zake zikatokea, zake peke yake. Nyuma ya jambo hilo dogo kuna pini, hisabati, udanganyifu, sheria na hata medali ya dhahabu ya Tanzania. Je, wajua haya?

Namba 261 haitolewi tena Boston

Mwaka 1967 marathoni ya Boston, Marekani, ilikuwa bado haiwapokei wanawake. Kathrine Switzer alijiandikisha kwa jina la K. V. Switzer, akapewa namba 261. Wakiwa njiani, ofisa wa mbio Jock Semple alimvamia na kujaribu kumvua namba hiyo. Bahati yake Switzer, gari la waandishi wa habari lilikuwa jirani, na picha za tukio hilo zikazunguka dunia. Semple alijua anachokitafuta: asiye na namba si mkimbiaji rasmi. Hata hivyo Switzer alifika mwisho, na mwaka 1972 wanawake wakaruhusiwa rasmi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 70, alikimbia tena Boston akiwa na 261 ile ile. Baada ya hapo waandaaji walitangaza kwamba namba hiyo hatapewa mtu mwingine.

Picha ya mwaka 1904 ilibaki, majina yakapotoshwa

Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki walikimbia marathoni ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Walikuwa Len Taunyane na Jan Mashiani kutoka Afrika Kusini, waliokuwa mjini humo kwa ajili ya maonyesho ya Vita vya Makaburu kwenye tamasha kubwa la biashara. Taunyane alishika nafasi ya 9 na Mashiani ya 12. Picha yao wakiwa na namba vifuani ipo hadi leo. Lakini makarani waliwaandika “Lentauw” na “Yamasani”, na makosa hayo yakanakiliwa kitabu baada ya kitabu kwa miongo mingi. Mwenye kuweka kumbukumbu za picha ana kazi mbili: kumtambua mtu, kisha kuliandika jina lake kama mwenyewe anavyolitamka. Ya pili ndiyo hupuuzwa.

Pini inayoshika namba iliuzwa kwa dola 400

Pini ya usalama tunayobania namba ilibuniwa na Mmarekani Walter Hunt, aliyepata hataza yake Aprili 1849 na kuiuza kwa dola 400. Namba zenyewe mara nyingi huchapwa kwenye Tyvek, kitu kinachofanana na karatasi lakini kimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, kwa hiyo hakichaniki upesi wala hakilowi kwa jasho. Pini nne, moja kila pembe, zina kazi kubwa kuliko urembo. Namba iliyobanwa kwa pini mbili hujikunja kwa upepo, na 4187 ikabaki kuwa 41 na nusu ya 8. Namba ikigeuka juu chini, 6 inakuwa 9 na 9 inakuwa 6, na picha inaenda kwa mtu mwingine kabisa.

Zamani namba zilisomwa kwa macho

Katika enzi za filamu, kazi ya kupanga picha ilianza baada ya mbio kwisha. Filamu zilisafishwa, kisha wafanyakazi wakaketi na kuzikagua fremu moja moja, wakiandika namba ya kila aliyeonekana. Namba zililinganishwa na orodha ya washiriki, na mkimbiaji akatumiwa picha ndogo za sampuli kwa posta pamoja na fomu ya kuagizia. Aliyezipenda alirudisha fomu na malipo, kisha akasubiri tena. Fremu moja ya kundi la watu kumi ilihitaji kuandikwa mara kumi. Aliyefunikwa na mkono wa mwenzake hakuandikwa popote, na kwa vitabu vya kampuni ni kama hakupita.

Kompyuta hutafuta uso kwanza, namba baadaye

Mwaka 2012 watafiti watatu wa Israeli, Idan Ben-Ami, Tali Basha na Shai Avidan, walichapisha njia ya kusoma namba za wakimbiaji kwa kompyuta. Shida yao ilikuwa kwamba barabara imejaa maandishi: mabango, majina ya wadhamini, namba za magari. Kompyuta isiyo na mwongozo husoma yote. Wakaiagiza itafute uso kwanza, kisha ikadirie kifua kilipo chini ya uso huo, na itafute tarakimu hapo tu. Tarakimu hutambulika kwa sababu mistari yake ina unene unaolingana tangu mwanzo hadi mwisho, tofauti na mikunjo ya fulana au vivuli. Uso haukutumika kumjua mtu; ulikuwa alama ya kuonyesha kifua kiko wapi.

Chipu isiyo na betri husaidia kamera

Boston iliposherehekea mbio zake za 100 mwaka 1996, waliojiandikisha walikuwa 38,708, na kwa mara ya kwanza huko kila mmoja alipimwa muda kwa chipu. Chipu hizo hazina betri. Mkimbiaji akikanyaga mkeka, antena iliyomo humo huipa chipu nguvu ya kutosha kutaja namba yake. Wapiga picha walinufaika nazo pia. Kama mkeka unasema namba fulani ilipita saa 2:42:10 asubuhi, na kamera iko hatua chache mbele yake, basi picha ya sekunde chache baadaye inaweza kuwa yake hata kama namba imefunikwa nusu. Kompyuta huchukua tarakimu zilizoonekana, ikaangalia ni nani kati ya waliopita wakati huo ana namba inayofanana. Sharti ni moja: saa ya kamera ilingane na saa ya wapima muda. Ikitangulia kwa dakika moja tu, picha za mamia ya watu zinahama.

Waandishi wa picha huandika majina bila kuyaandika

Mpiga picha wa gazeti hana muda wa kuandika jina kamili la mchezaji katika kila picha. Katika programu kama Photo Mechanic huingiza mapema orodha ya namba na majina. Akiandika alama fupi pamoja na namba ya jezi, programu huweka jina kamili, timu na nchi. Maelezo hayo huhifadhiwa ndani ya faili la picha yenyewe, kwa mpangilio uitwao IPTC unaotumiwa na vyombo vya habari duniani. Picha ikisafiri kutoka uwanjani hadi chumba cha habari, jina husafiri nayo. Orodha ikiwa na kosa moja la herufi, kosa hilo hujirudia katika kila picha ya mchezaji huyo kwa sekunde moja.

Saa ya mkononi iliwaumbua ndugu wawili

Mwaka 1999, katika mbio za Comrades za Afrika Kusini, zenye karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, Sergio Motsoeneng alishika nafasi ya tisa. Kumi bora hupewa medali ya dhahabu. Lakini baadhi ya wakimbiaji walishangaa: mtu huyu alitupita wapi? Jibu lilitoka kwenye picha za gazeti. Katika picha moja mkimbiaji mwenye namba ile alivaa saa mkono wa kulia. Katika nyingine, mkono wa kushoto. Ikabainika kwamba Sergio na ndugu yake Arnold, wanaofanana sana, walikuwa wakipokezana kwa kubadilishana nguo na namba chooni. Mmoja akikimbia, mwenzake akipanda gari. Namba haikuwasaliti, kwa sababu ilikuwa ile ile mwanzo hadi mwisho. Saa ndiyo iliyosema.

Wakati mwingine ushahidi ni picha isiyokuwepo

Mwaka 1980 Rosie Ruiz alivikwa taji la ushindi la Boston kwa upande wa wanawake, akiwa na muda wa saa 2, dakika 31 na sekunde 56. Tatizo lilikuwa kwamba karibu hakuna aliyekumbuka kumwona njiani. Picha na filamu za njiani zilipochunguzwa, hakuonekana kule ambako mshindi lazima angepita. Siku nane baadaye alinyang'anywa ushindi, akapewa Jacqueline Gareau wa Kanada.

Njia ya mwongo ni fupi

Katika nusu marathoni ya Shenzhen, China, mwaka 2018, wakimbiaji 258 walikamatwa wakidanganya. Kati yao 237 walikata njia kwa kupita kwenye miti iliyogawa barabara, 18 walivaa namba za bandia, na watatu walikimbia kwa niaba ya wengine. Kamera za barabarani, zilizowekwa kwa ajili ya madereva, ndizo zilizowanasa wengi waliokuwa wakikatiza vichakani.

Dhahabu ya Tanzania iliamuliwa na picha

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia wakiwa na muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Katika fainali ya mita 100 ya wanaume siku moja kabla, pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa kubwa zaidi: sekunde 0.05.

Kamera inayopiga picha hiyo si ya kawaida. Huangalia mstari wa mwisho tu, kupitia mwanya mwembamba, mara maelfu kwa sekunde, kisha vipande hivyo huunganishwa kimoja ubavuni mwa kingine. Kinachoonekana kutoka kushoto kwenda kulia ni muda, si umbali. Anayehesabiwa ni yule ambaye kiwiliwili chake kimefika kwanza. Kichwa, mikono na miguu havihesabiwi. Na kwa kuwa kamera hutazama kwa ubavu, wakimbiaji wa uwanjani hubandikwa namba nyingine ndogo pembeni mwa kaptura.

Mashine hazikuziona nyuso zote kwa usawa

Siku hizi huduma nyingi humwambia mkimbiaji apige picha ya uso wake kwa simu, kisha zimtafutie picha nyingine zinazofanana nayo. Hufaa hasa kwenye mbio za kujifurahisha za kilomita 5, ambako wengi hawana chipu na wote wamevaa fulana za rangi moja. Lakini mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikibashiri jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Finland, Iceland na Sweden. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mifumo imeboreshwa tangu hapo, lakini funzo linabaki kwa waandaaji wa mbio zetu: kabla ya kununua mashine iliyofundishwa kwa nyuso za kwingine, ijaribuni kwa nyuso za wakimbiaji wenu.

Uso wako una sheria yake

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka alama za kibayometriki katika kundi la data nyeti, pamoja na habari za afya na familia. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Na si maneno ya karatasi tu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Mwandaaji wa mbio za watoto asiyewauliza wazazi yuko kwenye hatari ile ile.

Kwa hiyo, ukijiandikisha mbio zijazo

Soma kipengele cha picha kwenye fomu kabla ya kutia saini, ujue nani ataitumia sura yako na kwa kazi gani. Bandika namba kifuani, si mgongoni wala pajani, kwa pini nne, na usiifunike kwa koti. Usimwazime mwenzako hata kama umeugua: akizimia njiani, wauguzi watasoma namba na kupiga simu nyumbani kwako badala ya kwake. Na ukiona picha yako imeandikwa jina la mtu mwingine, waandikie wahusika wairekebishe siku hiyo hiyo, kabla kosa halijanakiliwa kwingine.