Kiota cha Panya wa Maabara: Uteuzi wa Matandiko na Vifaa Salama

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kuhusu shida za binadamu, yamwafiki pia panya anayefugwa maabarani. Mtafiti hutazama kizimba akaona usafi, chakula na maji tele. Panya aliyemo ndani husikia baridi. Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua vifaa ambavyo panya huyo atajengea kiota na kujishughulisha navyo bila kudhurika. Ifahamike kwamba neno panya katika Kiswahili hujumuisha wanyama wa spishi mbalimbali, wakubwa kwa wadogo. Anayerejelewa hapa ni yule mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, ambaye wanasayansi humwita Mus musculus.

Mnamo mwaka 1959, Waingereza wawili, Russell na Burch, walichapisha kitabu kilichoweka misingi mitatu ya utafiti wenye utu: kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao, na kuwapunguzia mateso. Suala la kiota limo katika msingi wa tatu. Hata hivyo, kama itakavyobainika, suala hilo hugusa pia ukweli wa matokeo ya utafiti wenyewe.

Umuhimu wa kiota

Mwili mdogo hupoteza joto upesi. Panya huhitaji joto la takriban nyuzi 30 za sentigredi ili mwili wake usitumie nguvu za ziada kujipasha moto. Mwongozo wa Marekani wa utunzaji wa wanyama wa maabara, toleo la mwaka 2011, unapendekeza nyuzi 20 hadi 26. Hicho ni kiwango kinachomridhisha binadamu aliyevaa nguo, wala si panya aliyelala juu ya maranda machache. Panya mwenye baridi hula zaidi, na nguvu ambazo zingemsaidia kukua au kunyonyesha huishia katika kujipasha moto.

Pengine msomaji atauliza: mbona chumba kizima kisipashwe moto? Jibu ni kwamba mahitaji ya panya hubadilika. Anapolala hutaka joto jingi kuliko anapokimbia. Kiota humpa hiari. Akisikia baridi huingia, akisikia joto hutoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Gaskill, Garner na wenzao walionyesha kwamba gramu 6 hadi 10 za vifaa vya kiota humpunguzia panya adha ya baridi.

Vigezo vya uteuzi

Kigezo cha kwanza ni kufumika. Vipande virefu vya karatasi iliyokunjwakunjwa hushikana vizuri, na panya huvifuma akapata kuta na hata paa. Maranda peke yake hayashikani. Hufaa kunyonya mkojo tu.

Kigezo cha pili ni usalama wa mwili. Pamba iliyochambuliwa huonekana laini machoni pa binadamu, lakini nyuzinyuzi zake ndefu huweza kuuzinga mguu wa kitoto na kuzuia damu. Kwa panya wa jamii isiyo na manyoya, ambao hata kope hawana, nyuzinyuzi hizo huingia machoni na kusababisha uvimbe. Vifaa vyenye vumbi jingi, au karatasi ambayo asili yake haijulikani, viepukwe pia.

Kigezo cha tatu, ambacho husahaulika kwa urahisi, ni usalama wa matokeo. Mwaka 1967, mtafiti Vesell alionyesha kwamba maranda ya mwerezi na msonobari huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja dawa. Kwa hivyo, dawa inayojaribiwa huweza kuonekana dhaifu ilhali kosa ni la matandiko.

Vifaa vya kujishughulisha

Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua. Kipande cha mti safi usio na utomvu humpa cha kuguguna. Bomba la karatasi ngumu au la plastiki humfaa kwa kujificha. Aidha, mwaka 2010, Hurst na West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walibainisha kwamba panya wanaobebwa ndani ya bomba huwa na hofu ndogo kuliko wanaoshikwa mkia.

Hata hivyo, si kila nyongeza ni neema. Kibanda chenye mlango mmoja huweza kulindwa na dume mmoja na kuzua ugomvi. Afadhali chenye milango miwili. Kizimba kinaposafishwa, sehemu ya kiota cha zamani ihamishwe pamoja na wenyewe, kwani harufu wanayoifahamu hupunguza mapigano ya madume.

Hitimisho

Wapo wanaohofia kwamba vifaa hivi huyafanya matokeo yatofautiane mno. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2004 haukuunga mkono hofu hiyo. Linalopasa ni kutumia vifaa vya aina moja katika vizimba vyote vya jaribio, kuvipima, na kutaja aina na kiasi chake katika ripoti. Panya hana lugha ya kulalamikia matandiko yake, lakini kiota chake husema: kikiwa na kuta na paa, vifaa vimemfaa, vikisalia vimetawanyika sakafuni, mtafiti hana budi kuvichagua upya.