Julian Bond: Aliacha chuo, kisha akashinda kiti kimoja mara tatu

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sitakuchosha na sababu. Karo ni moja, hizo zingine ni siri yangu na mamangu. Nakuambia tu ili uelewe kwa nini jina la Julian Bond lilinishika usiku mmoja nikipekua simu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Huyu jamaa pia aliacha chuo. Tena babake alikuwa mkuu wa chuo kikuu! Hebu fikiria maongezi ya mezani katika nyumba hiyo.

Bond alizaliwa 1940 mjini Nashville, Tennessee. Babake, Horace Mann Bond, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, hapo hapo alikosomea Kwame Nkrumah wa Ghana. Mwaka wa 1957 kijana akaingia chuo cha Morehouse, Atlanta. Njia ilikuwa imenyooka.

Halafu ikafika 1960. Wanafunzi wanne weusi walikuwa wameketi kwenye kaunta ya weupe kule Greensboro na kukataa kubanduka. Bond alikuwa amejikalia zake karibu na chuo wakati mwanafunzi mwenzake, Lonnie King, alipomwonyesha habari hiyo gazetini na kumuuliza kama jambo hilo halifai kufanywa Atlanta pia. Ukiulizwa swali kama hilo, ujue tayari umeshapewa kazi. Machi 15 Bond alikamatwa akidai kuhudumiwa kwenye kantini ya jumba la jiji. Mwezi uliofuata alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha SNCC, vuguvugu la wanafunzi lililopinga ubaguzi wa rangi bila vurugu. 1961 akaacha masomo akiwa karibu kumaliza.

Sasa usidhani aliacha chuo akawa mtu wa kupiga mayowe jukwaani. Kazi yake ilikuwa mawasiliano. Mtu akipigwa au kutupwa ndani katika kijiji fulani cha Mississippi, Bond ndiye aliyeandika taarifa, akawapigia simu wanahabari na kuhakikisha kisa hakizikwi. Alikuwa mpole, nadhifu, mtu wa suti na tai.

Na hapa kuna kipande chetu, msomaji. Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo imepata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alizuru Atlanta, na vijana wa SNCC wakaenda kumwona hotelini. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani wakanyimwa huduma, na kukamatwa wakakamatwa. Kisa hicho kikatungiwa wimbo wenye jina la Jaramogi. Mwaka uliofuata Bond mwenyewe alikanyaga Afrika, akiwa kwenye msafara wa SNCC uliokwenda Guinea pamoja na mwanamuziki Harry Belafonte.

Turudi Georgia. Mipaka ya maeneo ya uwakilishi ilipochorwa upya 1965, mlango ukafunguka kwa watu weusi kuingia bunge la jimbo. Bond, miaka 25, akagombea. Baadhi ya wenzake waliona siasa za viti ni usaliti (unawajua watu wa aina hiyo, kila vuguvugu linao). Yeye akashika njia, nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu wanataka nini. Alipata kura 2,320, mpinzani wake 487.

Kabla hajaapishwa, mambo yakachemka. Januari 3, 1966, Sammy Younge, mwanafunzi aliyekuwa amewahi kuhudumu katika jeshi la wanamaji, alipigwa risasi akafa kule Tuskegee, Alabama, kisa kikiwa ni choo cha weupe kwenye kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa taarifa ya kupinga vita vya Vietnam. Bond hakuwa ameiandika. Wanahabari walipompigia kumuuliza kama anaiunga mkono, alisema ndiyo.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma kisa hiki. Angeweza kusema hajaisoma vizuri. Angeweza kunyamaza siku nne tu, aapishwe, kisha aongee. Wanasiasa wangapi unaowajua wangefanya hivyo? Januari 10 wenzake waliapishwa, yeye akaambiwa akae pembeni. Bunge likapiga kura: 184 wakakataa asiketi, 12 tu wakamtetea. Walidai mtu wa maneno kama yale hawezi kuapa kwa moyo safi kuilinda katiba.

Bond akaenda kortini. Martin Luther King, aliyekuwa mpiga kura katika eneo lake, aliungana naye kwenye kesi. Majaji watatu wakasikiliza, akashindwa mbili kwa moja. Huku nyuma uchaguzi mdogo ukaitishwa kujaza kiti "kilichobaki wazi". Nani alishinda? Bond. Bunge likamkatalia tena. Novemba akashinda mara ya tatu. Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ikaamua kwamba bunge lilivunja haki yake ya kusema. Mwakilishi, Jaji Mkuu Earl Warren aliandika, ana wajibu wa kutoa msimamo kwenye mambo mazito. Januari 1967 Bond akaketi.

Alikaa bungeni hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Kwenye kongamano la chama cha Democratic mjini Chicago, 1968, jina lake lilipendekezwa kwa wadhifa wa makamu wa rais. Ikabidi ajiondoe: alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35.

Si kwamba alishinda yote. 1986 aligombea kiti cha Bunge la Congress dhidi ya John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC. Aliongoza mchujo wa kwanza, akaangushwa duru ya pili. Kampeni ilikuwa chafu. Lewis alimchokoza kwenye mdahalo wakapimwe dawa za kulevya. Urafiki ule uliumia, na hilo linanihuzunisha kuliko kiti chenyewe.

Baadaye alifundisha historia Chuo Kikuu cha Virginia, akawa mwenyekiti wa bodi ya NAACP kuanzia 1998 hadi 2010. Februari 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa tena, safari hii nje ya ikulu ya White House akipinga bomba la mafuta. Alifariki Agosti 2015.

Karibu nisahau. 1971, akiwa tayari mbunge, jina lake likijulikana nchi nzima, alirudi Morehouse akamaliza shahada yake ya Kiingereza. Mamangu nimemsomea sehemu hiyo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza fomu za kurudi zinatoka lini.