Si kila mwenye shida kamkosea Mungu!

Jamani, hivi nani aliyetuambia kwamba Mkristo aliyebarikiwa ni yule mwenye gari, nyumba na harusi ya kukata na shoka? Jirani yangu mmoja alifiwa na mtoto. Hata matanga hayajaanuliwa, wakaja watu kumwambia atubu, eti kuna dhambi anaificha. Dada wa watu akawa na vilio viwili: cha mtoto na cha maneno ya watu.

Cha ajabu, wasemaji haohao Jumapili huimba ule wimbo wa 'Salama Rohoni' mpaka machozi yanawatoka. Laiti wangejua ulikotoka!

Aliyeutunga ni Horatio Spafford, wakili wa Chicago, Marekani. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara. Novemba 1873, mkewe Anna na binti zao wanne walipanda meli ya Ville du Havre kwenda Ulaya, yeye akabaki nyuma kwa shughuli zake. Meli ikagongana na nyingine huko Atlantiki, ikazama. Watu 226 walikufa, wakiwamo mabinti wote wanne. Anna akaokolewa peke yake. Wimbo ulitoka katika majonzi hayo.

Mwaka 1880 wakafiwa tena, safari hii na mtoto wa kiume. Na wao wakaambiwa na baadhi ya waumini wenzao kwamba ni adhabu ya Mungu. Unaona? Maneno haya hayakuanza leo.

Mwaka 1881 walihamia Yerusalemu na wenzao. Spafford alifariki huko mwaka 1888. Anna na jumuiya yao wakaendelea, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipika supu wakalisha wenye njaa.

Sasa msomaji wangu, baraka iko wapi hapo? Watoto hawakurudi, na supu si fidia ya mtoto. Mimi naiona baraka kwa mtu aliyeumia asigeuke jiwe, akabaki na mkono wa kumshika mwenzake. Hata Yesu, alipoulizwa nani alitenda dhambi mpaka yule mtu akazaliwa kipofu, alisema si yeye wala wazazi wake.

Kwa hiyo mwenzio akipatwa, nenda na kilo ya sukari, kaa naye mkekani, osha vyombo. Swali la dhambi liache nyumbani kwako.