Jermaniumu ya Lubumbashi: namna uso wa kristali uliipa silisiumu ushindi

Kilima cheusi kinachoonekana kutoka pembe nyingi za mji wa Lubumbashi, kile ambacho wakaaji wanakiita terril, si takataka tu. Ndani yake mna shaba, kobalti, zinki, na tena jermaniumu, madini ambayo inchi kubwa za dunia zinagombania leo. Mwezi wa 10 mwaka 2024, Gécamines ilitangaza kwamba kompani yake ya STL, inayoshugulikia terril hiyo, imeanza kuuza jermaniumu inje ya inchi. Mnunuzi ni Umicore ya Ubelgiji, baada ya pande hizo mbili kutangaza ushirikiano wao mwezi wa 5 mwaka huohuo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jermaniumu ndiyo iliyoanzisha elektroniki ya leo. Kisha silisiumu ikaipokonya nafasi, na sababu kubwa ilikuwa uso wa kristali.

Kutoka Kipushi mpaka kwenye kilima

Kipushi iko karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi. Mgodi wake, ulioitwa Prince Léopold wakati wa ukoloni, unajulikana kwa wanajiolojia wa dunia nzima. Mwaka 1948, jiwe lenye jermaniumu lililopatikana pale lilipewa jina la reniérite, kwa heshima ya Armand Renier, mwanajiolojia wa Ubelgiji. Madini ya Kipushi yaliyeyushwa Lubumbashi kwa miaka mingi. Shaba ilitolewa, na masalio yakamwagwa pamoja na sehemu ya jermaniumu iliyobaki ndani.

Wakati huo, dunia ilikuwa na hamu kubwa ya jermaniumu. Mwezi wa 12 mwaka 1947, John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara ya Bell huko Marekani, walitengeneza transista ya kwanza kwa kipande cha jermaniumu. Madini hii inayeyuka kwenye digrii 938, na silisiumu kwenye digrii 1414. Kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuisafisha. Redio ndogo za kwanza za mkononi zilitumia transista za jermaniumu.

Mikono isiyo na wa kushika

Mbele ya kupata ushindi huo, watafiti wa Bell walikuwa wameshindwa. Walitaka kuongoza umeme ndani ya kristali kwa kuweka chaji karibu na uso wake, lakini hakuna kilichotokea. Bardeen akaeleza sababu: kwenye uso wa kristali kuna nafasi zinazokamata elektroni. Elektroni hizo zinasimama kama ukuta, na nguvu ya inje haifiki ndani.

Nafasi hizo zinatoka wapi? Ndani ya kristali ya silisiumu au ya jermaniumu, kila atomu inashikana na jirani wanne, sawa na mtu mwenye mikono minne. Pale kristali inapokatwa, atomu za juu zinapoteza jirani. Mikono inabaki wazi, na elektroni zinakaa pale.

Atomu hazikubali kubaki hivyo. Zinajipanga upya ili kupunguza mikono isiyo na kazi. Kwenye uso mmoja wa silisiumu, mpangilio huo unajirudia kila hatua 7 kwa 7, yaani eneo la atomu 49. Mikono wazi, ambayo ingekuwa 49, inabaki 19. Mwaka 1983, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa maabara ya IBM karibu na Zurich walitoa picha ya mpangilio huo, kwa sindano inayopita juu ya atomu bila kuzigusa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Hata hivyo, mikono 19 bado ni mingi. Uso kama huo unapitisha umeme kwa njia yake wenyewe, na mtengenezaji wa transista hawezi kuuongoza.

Kutu yenye faida

Dawa ilipatikana katika kitu kinachofanana na kutu. Silisiumu ikichomwa pamoja na oksijeni, inajifunika kwa ngozi nyembamba ya oksidi, ambayo kwa asili ni kitu kimoja na mchanga mweupe. Ngozi hiyo inashika karibu mikono yote, haiyeyuki katika maji, na hairuhusu umeme kupita. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, alionyesha faida yake. Pamoja na Dawon Kahng wa Korea, akatengeneza transista ya aina ambayo leo imejaa katika kila simu.

Oksidi ya jermaniumu ina kasoro: inayeyuka katika maji. Elektroni zinatembea ndani ya jermaniumu kwa wepesi zaidi ya mara mbili kuliko ndani ya silisiumu, lakini uso wake haukupata ulinzi. Hapo ndipo iliposhindwa.

Inatafutwa tena

Leo jermaniumu ina kazi nyingine: lensi za kamera zinazoona usiku, nyaya za kioo zinazobeba intaneti, na paneli za jua za satelaiti. China, mzalishaji mkubwa, iliweka masharti ya kuiuza inje tangu mwezi wa 8 mwaka 2023, na mwezi wa 12 mwaka 2024 ikakataza kuiuzia Marekani. Ndiyo maana macho yamegeukia kilima cha Lubumbashi.

Lakini kinachotoka Lubumbashi bado si kristali. Ni jermaniumu ambayo haijasafishwa mpaka mwisho, na kazi ya kuisafisha inafanywa Ulaya. Historia ya transista inaonyesha kwamba bei kubwa iko kwenye hatua za mwisho: usafi wa kristali na utunzaji wa uso wake. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha Polytechnique kinachofundisha wainjinia wa madini. Kazi hizo zikiendelea kubaki mbali, wainjinia hao wataendelea kuchimbua kilima ambacho faida yake kubwa inahesabiwa kwengine.