Fahamu: Kwa nini wengine husakinisha Tomcat kwa mkono
Machi 2025 Apache ilitangaza dosari ya usalama katika Tomcat, seva ya wavuti ya Java. Wenye toleo la 11 walitakiwa kuhamia 11.0.3. Hapo ndipo kusakinisha kwa mkono kunapolipa: huna haja ya kusubiri Linux yako ikuletee toleo jipya.

Ukitaka kuisakinisha hivyo, anza na Java. Tomcat 11 inataka 17 au zaidi. Pakua faili la tar.gz kwenye tovuti ya Apache, hakiki alama yake ya SHA-512 (wengi huiruka hatua hii, na ni uzembe mtupu), kisha ulifungue ndani ya /opt. Unda mtumiaji asiyeweza kuingia kwenye mfumo, mkabidhi folda ya Tomcat, na uwashe bin/startup.sh kwa jina lake. Tembelea poti 8080 kwa kivinjari. Ukurasa wa Tomcat ukitokea, seva imewaka. Usiiendeshe kamwe kama root.