Nani Kachukua Nini kwa Nani: Vinara wa Kuvu na Mimea

Chukua shina la ngano lililoshikwa na kutu, ulisogeze karibu na jicho. Ngozi ya shina imepasuka kwa urefu, kingo zimejikunja kama karatasi iliyochanika, na katikati ya mpasuko kumejaa unga wa rangi ya matofali. Ukipitisha kidole, unga unabaki kidoleni. Ukipita shambani, unabaki kwenye suruali hadi magotini. Kila chembe yake ni spora, mbegu ya kuvu, na ndani ya kila spora mna viini viwili vya seli, kila kimoja kikiwa na nakala yake ya DNA. Kwa kutu iliyo maarufu kuliko zote duniani, viini hivyo viwili vimetoka katika koo mbili tofauti. Namna vilivyokutana ni kisa ninachokipenda kuliko vyote katika elimu ya DNA za kuvu na mimea, na nimekiwekea nafasi yake hapo chini.

Tulifundishwa shuleni kwamba DNA ni urithi: mzazi humpa mtoto, mtoto humpa mjukuu. Kwa kuvu na mimea inayoishi nayo, urithi ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni kuazima, kupokonya na kubadilishana, na vinara wa fani hii nimewachagua kwa kipimo hicho.

Undugu mkongwe kuliko wote

Mwaka 1912 tabibu mmoja wa Uskoti, William Mackie, aliona kitu cha ajabu katika mawe ya kijiji cha Rhynie. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na mimea iliyogeuka jiwe taratibu kiasi kwamba seli zake bado zinahesabika kwa hadubini. Umri wake ni takriban miaka milioni 407. Mimea hiyo haikuwa na majani wala mizizi ya kweli, lakini ndani ya seli za mmoja wao, uitwao Aglaophyton, kuna vijitawi vya kuvu vilivyogawanyika kama mti mdogo sana. Vijitawi vya namna hiyo hiyo vimo leo katika mizizi ya mahindi, mtama, maharage na mihogo. Kuvu huleta fosforasi kutoka udongoni, mmea hulipa kwa chakula ulichokipika juani.

Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zimeonyesha jinsi mkataba huo ulivyowabana wote wawili. Jenomu ya Rhizophagus irregularis, kuvu ya mizizini inayochunguzwa zaidi katika kundi lake, ilichapishwa mwaka 2013, ikaonekana haina zana za kawaida za kuyeyusha kuta za seli za mimea. Haiwezi kuvunja mlango, lazima ifunguliwe. Wachunguzi walipoendelea kuisoma wakagundua kwamba haina hata jeni za kujitengenezea mafuta kuanzia mwanzo. Mwaka 2017 majaribio yakathibitisha kwamba mafuta hupewa na mmea, tayari yametengenezwa. Kuvu ikipoteza jeni kama hizo mahali pengine inakufa. Hii imeishi kwa sababu kuna jirani anayeilisha.

Na waliojitoa katika undugu huo wanajulikana. Ng'oa mche wa sukuma wiki au kabichi, utafute kuvu hiyo ndani ya mizizi: kwa kawaida hamna. Ukoo wa kabichi uliachana nayo zamani, na mwaka 2014 ulinganisho wa jenomu ulionyesha kwamba jeni zilizohudumia ushirika huo zilipotea pamoja nao. Mkulima anayepanda mahindi baada ya kabichi anabadilisha pia maisha ya udongo wake, awe anajua au hajui.

Siri iliyovuja vibaya kuliko zote

Mizizi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali udongoni kuita kuvu. Kazi hiyo ya kuita iligunduliwa Japani mwaka 2005. Lakini kemikali za jamii hiyo zilikuwa zimeshatambuliwa tangu 1966 kwa sababu nyingine kabisa: zinaamsha mbegu za kiduha.

Anayelima mahindi au mtama kandokando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa kiduha ni nini. Ua lake zuri la rangi ya waridi linapotokeza juu ya ardhi, hasara imeshatendeka chini. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huweza kutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi bila kuota. Zinangoja sauti ya mzizi. Mmea unamwita rafiki, adui naye anasikia.

Aina kadhaa za mtama wa Afrika zimepata njia ya kubadilisha sauti. Zimepoteza jeni iitwayo LGS1, na kwa kuipoteza zinatoa kemikali ya umbo jingine lisiloamsha kiduha vizuri. Utafiti wa mwaka 2017 ndio uliofichua hayo, lakini mbegu zenyewe zilikuwa mikononi mwa wakulima muda mrefu kabla ya hapo. Kwangu mimi huu ni ushindi mkubwa kuliko mengi yaliyofanyika maabara.

Jenomu kubwa, jenomu ndogo

Hapa nitapita haraka, maana ukubwa peke yake hauelezi mengi. Kiumbe mwenye jenomu kubwa kuliko zote zilizopimwa ni mmea mdogo wa jamii ya kangaga kutoka New Caledonia, Tmesipteris oblanceolata: herufi za DNA bilioni 160, zaidi ya mara 50 ya binadamu. Ulitangazwa mwaka 2024. Hatua ya kwanza ya maisha ya mimea ya jamii yake hukaa chini ya ardhi bila mwanga, ikilishwa na kuvu.

Upande wa kuvu, hamira ya mkate ndiyo iliyosomwa kwanza, mwaka 1996, ikawa kiumbe wa kwanza mwenye kiini cha seli kusomwa jenomu yake yote: herufi milioni 12. Kutu ya mimea ya ukoo wa mkaratusi, mpera na mkarafuu, Austropuccinia psidii, ina herufi takriban bilioni moja katika kila kiini, zaidi ya mara 80 ya hamira. Kutu ya soya, iliyoripotiwa Kenya, Rwanda na Uganda mwaka 1996, nayo ni nzito: takriban asilimia 93 ya jenomu yake ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kuhamahama. Vipande hivyo huonekana kama takataka. Lakini vinapohama huvunja jeni hapa na kuzisogeza pale, na kwa kiumbe anayewindwa na kinga ya mmea, kubadilika sura ndiyo salama.

Mwili mkubwa, mabadiliko machache

Katika msitu wa Malheur, Oregon, Marekani, kuna kuvu moja ya jamii ya Armillaria iliyotandaa chini ya ardhi kwenye hekta zipatazo 965, zaidi ya viwanja 1,300 vya mpira. Jamaa zake wanajulikana vizuri kwenye mashamba ya chai ya Kenya, wanakoozesha mizizi.

Yenye mafunzo zaidi ni ndugu yake wa Michigan. Watafiti walioichunguza mwishoni mwa miaka ya 1980 walirudi baada ya karibu miaka 30, wakaikuta hai palepale. Wakakadiria umri wake kuwa angalau miaka 2,500 na uzito wake tani 400. Walisoma jenomu za sampuli 15 zilizochukuliwa pande zake mbalimbali. Katika herufi milioni 100 walipata mabadiliko 163 tu. Mwili wa miaka 2,500 umejinakili bila kukosea, isipokuwa mara chache mno.

Kwa hiyo kuvu inaweza kutulia kabisa, ikitaka. Kuvu za maradhi, ambazo kila msimu hukutana na kinga mpya, hazina nafasi ya kutulia.

Wizi wa karibuni, wizi wa jumla, na wizi wa kulipiza

Karibu mwaka 1941 ugonjwa wa madoa ya majani ya ngano ulianza kuonekana kwa ukali usiojulikana kabla yake. Mwaka 2006 sababu ikachapishwa: kuvu ya ugonjwa huo, Pyrenophora tritici-repentis, ilikuwa imepata jeni ya sumu iitwayo ToxA kutoka kwa kuvu nyingine ya ngano. Haikurithi, ilichukua. Kipande cha herufi elfu kumi na moja hivi kilivuka kutoka aina moja hadi nyingine, na ugonjwa mdogo ukawa mkubwa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Wizi wa jumla ni wa Fusarium oxysporum, jamii inayonyausha nyanya, pamba na migomba. Ile ya nyanya ina kromosomu 15, na nne kati yake ni za ziada: hazihitajiki kwa maisha ya kawaida, lakini zimebeba zana za kushambulia. Mwaka 2010 watafiti walieleza jinsi walivyoweka aina mbili za kuvu hiyo pamoja chomboni, moja ya kudhuru na nyingine isiyodhuru. Kromosomu ya ziada ikahama yenyewe. Ile isiyodhuru ikaanza kuua nyanya. Jambo hili linanikosesha raha kila nikisikia habari za mnyauko wa migomba aina ya TR4, uliothibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013 na Mayotte mwaka 2019. Udongo wetu una jamii nyingi za Fusarium, na nyingi hazina madhara kwa sasa.

Mimea nayo imelipiza. Jamaa wa porini wa ngano, Thinopyrum, ana jeni iitwayo Fhb7 inayovunja sumu ya kuvu ya masuke. Mwaka 2020 asili yake ilijulikana: inafanana karibu kabisa na jeni ya kuvu iitwayo Epichloë, inayoishi kwa amani ndani ya majani ya nyasi. Nyasi ilichukua silaha kwa mgeni wake, ikaielekeza kwa adui.

Mabadilishano makubwa kuliko yote

Sasa turudi kwenye unga mwekundu. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikutakiwa kuipata. Ngano hiyo ilikuwa na jeni ya kinga Sr31, iliyotolewa kwa rai, nafaka ndugu wa ngano, na iliyokuwa imelinda mashamba ya dunia kwa miongo kadhaa. Sampuli ilipelekwa Afrika Kusini, ikathibitishwa, na aina hiyo ikaitwa Ug99. Ilionekana Kenya, ikafika Ethiopia mwaka 2003, Yemen 2006 na Iran 2007, ikipeperushwa na upepo.

Kwa miaka ishirini swali lilibaki: ilitoka wapi? Jibu lilikuja mwaka 2019, jenomu za viini viwili vya spora zilipotenganishwa na kusomwa moja moja. Kimoja kilikuwa karibu sawasawa, herufi kwa herufi, na kiini cha kutu ya zamani ya kusini mwa Afrika, ambayo ilionekana Australia mwaka 1954. Cha pili kilikuwa cha ukoo mwingine kabisa.

Kwa kawaida kutu ya shina huoana juu ya kichaka kiitwacho Berberis, na katika kuoana huko jeni za wazazi wawili huchanganywa kama karata. Hapa hapakuwa na kuchanganywa. Kutu mbili zilikutana, nyuzi zao zikagusana na kuungana, na viini vizima vikahama kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kwa mara moja kutu mpya ikawa na nusu nzima ya DNA ya mgeni. Jeni moja ya kinga iliyotafutwa kwa miaka mingi inaweza kushindwa mara moja na mruko wa namna hiyo.

Ndiyo maana Njoro, karibu na Nakuru, ni mahali muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Tangu 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa huko kila msimu na kuachwa makusudi zishikwe na kutu, ionekane ipi itasimama. Ushindi wenyewe hauna uhakika: aina ya ngano iitwayo Robin, iliyotegemea jeni ya kinga SrTmp, ilishindwa Kenya mwaka 2014 na kizazi kipya cha Ug99 ileile. Mwaka 2021 watafiti walifaulu kuweka jeni tano za kinga pamoja mahali pamoja katika jenomu ya ngano, ili kutu itakayotaka kupita ilazimike kuzishinda zote kwa mkupuo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yenye akili, na inapaswa kufika kwa wakulima wa Narok na Njombe kama inavyofika kwingine.

Yenye jina letu

Kuvu ya chulebuni, inayoozesha matunda mabichi ya kahawa, iliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922, na mpaka leo haijatoka Afrika. Jina lake la kisayansi ni Colletotrichum kahawae, na neno hilo la pili ni kahawa yetu. Kahawa ya Arabika ilikuwa na kinga haba, kwa kuwa asili yake ni muungano wa mibuni ya aina mbili tu, na tangu hapo utofauti wa jeni zake umekuwa mdogo sana.

Ruiru 11, aina ya kahawa yenye kinga iliyotolewa mwaka 1985, ilitokana na kazi ya kuchagua miche michanga kabisa. Vijishina vinavyotokeza tu ardhini hunyunyiziwa maji yenye spora za chulebuni na kuwekwa mahali penye unyevu na baridi. Baada ya wiki chache mtafiti huinama juu ya sinia na kuhesabu. Vilivyogeuka vyeusi na kulala hutupwa. Vinavyobaki wima huwa na kovu dogo la kahawia, gumu kama gamba, mahali kuvu ilipojaribu kuingia.